Nililipwa kuua injini za magari makuukuu, na ya dada yangu niliiua kwa mkono wangu

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka yote nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu mpaka mke wangu ananiuliza kuna nini, nazima simu, nalala. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na sina wa kumwambia.

Nimebadilisha majina tu. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni fundi magari. Niko Busia, upande wa Uganda. Shule nilisoma ng'ambo, upande wa Kenya, nikikaa kwa mjomba, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha wenzangu wa huku. Gereji yangu ni mabati machache na shimo la kuingia chini ya gari, basi.

Kazi yangu hasa ni injini. Magari yanayokuja kwangu ni yale ambayo mwenyewe ameshaambiwa na mafundi wawili watatu kwamba hapa hakuna kitu. Nafungua, nabadilisha ringi, krenki napeleka Tororo ikachongwe, pistoni natafuta kwenye spea za magari yaliyovunjwa, nafunga tena. Inawaka. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu duniani, sitawaficha.

Sasa dada yangu.

Tumwite Nabwire. Ananizidi miaka tisa. Mama yetu alituacha nikiwa darasa la tatu, na Nabwire ndiye aliyeacha shule akaingia shambani Masaba ili mimi niendelee. Boksi langu la kwanza la spana alininunulia yeye, kwa pesa ya muhogo.

Kazi yake ni muhogo mkavu. Anaununua kwa wakulima Masaba na vijiji vya jirani, anaupakia, anauleta mpakani kwa wenye mashine za kusaga wa upande wa Kenya. Huku kwetu ugali usio na muhogo ndani unaonekana wa wagonjwa.

Na gari alikuwa anaendesha mwenyewe. Pikapu ya dizeli, kuukuu, viatu kavua kaweka kando, leso kiunoni. Askari wa barabarani wote wanamjua. Mume alishaondoka zamani, watoto ni wanne, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwenye ile pikapu.

Injini yake niliifungua mara tatu. Mara ya mwisho nilifanya kazi ambayo hata mimi nilishangaa. Ilikuwa inawaka asubuhi kwa mguso mmoja.

Hapa niwaeleze kidogo mambo ya mpakani, maana bila haya mtanitukana kabla ya wakati.

Kwetu gari linauzwa, jina haliuzwi. Ukinunua, muuzaji anakusainia fomu ya kuhamisha umiliki, lakini sehemu ya jina la mnunuzi na sehemu ya tarehe mnaacha wazi. Anakupa hiyo fomu, logbook, yaani kadi ya gari, na kopi ya kitambulisho chake. Mnakunywa soda, mnapeana mikono, unawasha unaondoka. Karatasi unaziweka chini ya godoro. Siku ukiuza na wewe, unampa mwenzako fomu ile ile. Gari moja linapita mikono mitano na jina bado ni la yule wa kwanza.

Msiniulize kwa nini hatubadilishi. Kuna ada, kuna safari, kuna njoo kesho.

Na kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi. Jina likiwa zuri, unalitaka. Pikapu ya dada ilikuwa na jina la Mzee Ochwo wa Kiyeyi, huko Tororo, aliyemuuzia. Mzee yule aliheshimika, mzee wa kanisa, na kila ofisa aliyefungua logbook alisema, "Aa, hii si ya Mzee?" halafu anampungia mkono apite. Nabwire aliwahi kuniuliza kama abadilishe. Nikamwambia, jina la namna hiyo unalitoa ili iweje?

Mimi ndiye niliyemwambia, wakuu.

Mzee Ochwo akafariki. Tulikwenda mazishi, na pikapu ile ile ndiyo iliyobeba maji na viti. Hatukufikiria karatasi hata dakika moja.

Ndipo ukaja mpango wa serikali wa magari makuukuu.

Ulivyokuwa ni hivi. Unapeleka gari lako kuukuu yadi, linakaguliwa, injini inauawa papo hapo ili lisirudi barabarani, unapewa cheti. Karatasi zinakwenda kuhakikiwa. Baada ya wiki kadhaa inatoka vocha, na ile vocha si pesa ya mkononi, ni punguzo ukienda kununua gari jipya kwa wauzaji waliochaguliwa. Kinachobaki unalipa mwenyewe.

Kwetu yadi ilifunguliwa nje kidogo ya mji wa Tororo. Wakatafuta fundi wa kuua injini.

Wakanichukua mimi.

Nilifurahi jamani, sitadanganya. Malipo kila Ijumaa, hakuna kumbembeleza mteja, na ovaroli mpya yenye maandishi mgongoni. Mke wangu siku ile aliimba mpaka jirani akaja kuuliza.

Kuua injini ni kazi rahisi sana, na hiyo ndiyo inayouma. Unamwaga oili yote. Unatia dawa fulani ya majimaji, nzito, ukiiangalia unadhani ni uji mwepesi wa wanga. Unawasha, unakanyaga mafuta. Ile dawa ikipata moto inaganda ndani na kuwa ngumu kama kioo. Injini inalia, inakohoa, inakamata. Nyingi hazifiki dakika tatu.

Siku ya kwanza niliua saba. Gari la tano, nilipofungua boneti nikakuta gasketi niliyoikata mwenyewe kwa mkasi. Nikajua hii ni kazi yangu ya mwaka juzi. Nikaangalia pembeni, nikatia dawa.

Baada ya hapo nilizoea. Mtu anazoea, msijidanganye.

Sasa nikiwa pale yadi nilianza kuona ni nani anayepata. Walimu wakuu na watu wa ofisi wenye mishahara, wanaopata mkopo wa sacco wa kumalizia kile kinachobaki. Hao walikuja na magari ya pili ambayo hata hawakuyaendesha, yaliyoota nyasi uani. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mtu wa tumbo na vicheko, aliyezunguka Mella na kwingineko akinunua magari mabovu kwa wakulima kwa bei ya chuma. Yeye alibadilisha majina, kila gari, upesi upesi, kisha akayaleta kama yake. Na wauzaji wa magari mapya ndio usiseme, walikuwa wanatuletea maji ya chupa na keki.

Upande wa pili hatukuuangalia. Spea za magari yaliyovunjwa zilianza kuadimika, maana magari yote yalikuwa yanakwenda kuyeyushwa. Pikapu kuukuu, ile ambayo mkulima wa Kiyeyi angeweza kuinunua baada ya mavuno mawili, ikapanda bei ikamshinda. Wateja wangu wa gereji mmoja mmoja walikuwa wanapita mbele yangu pale yadi, wananisalimu, wananiachia gari nilimalize. Nikawa nacheka nao. Akili ilikuwa wapi? Nilikuwa naua chakula changu cha kesho na napokea hela Ijumaa.

Turudi kwa dada.

Nikaanza kumsumbua. Kila nikienda Masaba namwambia alete pikapu. Nikamwonyesha picha za mpya kwenye simu. Nikamwambia dizeli itapungua nusu, kikundi chao cha akina mama kitamkopesha kinachobaki, muhogo utakuwa unafika mara mbili kwa siku.

Yeye akawa anapeta mtama wake, hanitazami.

"Hii gari yangu iko natembea vizuri," akasema. "Weye ndiyo ulitengeneza. Sasa kwa nini naua kitu mzima?"

Nikamwambia dada, dunia inakwenda mbele. Mtu wa namna gani anaulizwa swali lile anajibu hivyo? Lakini nilikuwa na ovaroli mpya.

Wiki ya tatu akakubali. Maneno yake nayakumbuka yote. "Mimi najua muhogo. Gari najua kuendesha tu. Kama weye nasema ni mzuri, mimi nafuata weye."

Kwenye ukuta wa yadi kulikuwa na tangazo, limeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, kwamba vocha itatoka kwa jina lililo kwenye logbook. Nilikuwa nalisoma kila siku nikinywa chai. Na ninaapa mbele yenu, halikunitisha. Nilijua tuna fomu ya Mzee. Fomu ya wazi imetuvusha miaka yote, polisi, mpakani, kila mahali, kwa nini ishindwe hapa?

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka pikapu tukaitoa fomu chini ya godoro. Mimi ndiye niliyejaza jina la Nabwire. Na mimi ndiye niliyejaza tarehe.

Nikaandika tarehe ya siku ile.

Mnaona nilichofanya? Mtu tuliyemzika, tena tulibeba maji ya mazishi yake, nikamfanya asaini fomu wiki hiyo. Wala haikunipita akilini. Kwetu kujaza tarehe ya leo ndiyo kawaida, mkono ulikwenda wenyewe.

Asubuhi Nabwire akaileta. Alikuwa ameiosha, wakuu. Ameiosha mpaka chini ya mazulia, gari linalokwenda kuuawa.

Nikamwaga oili. Ilikuwa bado safi, nilimbadilishia mwezi uliopita. Nikatia dawa. Nikawasha, kwa mguso mmoja, nikakanyaga.

Dakika tatu, inanguruma. Dakika tano, inanguruma. Vijana wa yadi wakaacha kazi wakaja kutazama. Dakika ya nane bado. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona fahari. Nikawageukia nikapiga kelele, "Mnaona kazi yangu? Hiyo injini nimeifunga mimi!" Wakapiga makofi.

Nabwire alikuwa amesimama kando ameshika viatu vyake. Hakupiga makofi.

Ilipokamata ilitoa mlio ambao sijausikia kwa injini nyingine. Kisha kimya. Dada akasema, "Basi?" Nikasema basi. Akapanda boda akarudi Masaba.

Jibu lilichukua wiki sita. Karani wa yadi, msichana mpole tu, akaniita pembeni akanigeuzia kompyuta. Mwenye gari ni marehemu tangu mwaka jana. Fomu ina tarehe ya baada ya kifo chake, kwa hiyo haitambuliwi. Vocha ni mali ya mirathi. Familia imeshapigiwa simu, na mtoto wake mkubwa ana karatasi za mahakama za kusimamia mirathi.

"Ningekuwa wewe ningenyamaza," karani akaniambia kwa sauti ya chini. "Hiyo tarehe wakiuliza nani aliandika, ni kesi."

Nilimwendea Nabwire siku hiyo hiyo. Hakulia. Aliuliza tu kama tunaweza kwenda Kiyeyi.

Tukaenda. Mtoto wa Mzee, tumwite Okoth, alitupokea vizuri sana. Viti vikatolewa, chai ikaja. Nikaeleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Mimi sina vita na nyinyi," akasema. "Gari iko na jina ya Mzee. Serikali ndiyo nasema mwenye jina ndiye mwenyewe. Sasa mimi nikatae, nakuwa mtu wa namna gani? Watoto wangu nawaambia nini?"

Nabwire akamwambia, "Mimi nililipa Mzee pesa yote. Mama alikuwa hapa. Mama ndiye alileta soda."

Mama yake Okoth alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Ni kweli, siku ya kununua ni yeye aliyetuletea soda, na alituhesabia pesa mara ya pili kwa sababu macho ya Mzee yalikuwa yamechoka. Tukamtazama wote. Yeye akatazama maharage yake.

"Mimi ni mzee sasa," akasema. "Mambo mingi nimesahau."

Nabwire akainama kwa heshima, akamshukuru kwa chai. Tukaondoka.

Okoth alichukua gari jipya mwezi uliofuata, kwa vocha ile na nyongeza yake mwenyewe. Pikapu nyeupe. Anabeba mizigo ya watu, na baadhi ya watu hao ni Nabwire. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Hakuna pikapu nyingine ya bei nafuu iliyobaki njia ile, kwa hiyo dada yangu anamlipa Okoth kwa kila gunia, na yeye anakaa nyuma juu ya muhogo wake. Faida imeisha. Mtoto wake wa pili ameacha sekondari.

Nataka kumchukia Okoth. Najaribu. Lakini hakuandika ile tarehe, na hakutia ile dawa.

Yadi ilifungwa fungu la pesa lilipoisha. Nikarudi gereji na ovaroli yangu. Magari mapya hayaji kwangu, yanakwenda kwa wauzaji wenyewe, wanatumia mashine ya kusoma injini kwa kompyuta. Magari makuukuu niliyaua. Siku nyingine nafungua asubuhi, nafagia, nafunga jioni. Mke wangu haimbi, bana.

Mngedhani hapo ndipo mwisho. Hata mimi nilidhani.

Jumapili moja baada ya kanisa Nabwire akaniambia nipite kwake Masaba, ana kitu. Nikaenda. Akanipeleka jikoni, ile nyumba ndogo ya kupikia, akafunua gunia.

Injini.

Injini yake ile. Yadi ilipofungwa alikwenda peke yake kabla lori la vyuma chakavu halijapakia, akaongea na aliyepewa zabuni ya vyuma, akainunua kwa kilo. Pesa alikopa kwa akina mama wa kikundi. Akakodi mkokoteni wa ng'ombe kumalizia njia ya kuingia kijijini. Hakuniambia kwa sababu alitaka iwe mshangao.

Alikuwa anatabasamu, wakuu. Mara ya kwanza tangu Kiyeyi.

"Mara tatu walisema imekufa," akaniambia. "Mara tatu weye uliamsha. Body tutatafuta pole pole. Kwanza amsha hii."

Nilishindwa kumwambia. Nikasema sawa dada, nitaiangalia.

Nimeiangalia. Nimeilowesha kwa dizeli siku kumi. Nimeipasha moto. Nimetumia mafuta ya taa, nimetumia asidi ya betri nikaungua mkono. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilitoka kwa nyundo, na ndani pistoni zimeshikana na silinda, kitu kimoja. Zile njia za oili zimejaa kioo. Naijua dawa ile kuliko mtu yeyote wa mpaka huu, na najua ilitengenezwa ili mtu kama mimi ashindwe.

Kila Jumapili ananiuliza. Haniulizi kwa hasira. Ananipakulia chakula, ananiangalia nikila, halafu anauliza, "Imefika wapi?" Na mimi namjibu kwamba inaendelea. Miezi minne sasa namdanganya mtu aliyenilea.

Somo, kwa sababu najua mtaniuliza somo. Kama una gari na jina si lako, kesho nenda kabadilishe, hata kama aliyekuuzia ni malaika. Na serikali ikileta mpango wa kukupa kipya, angalia kwanza jina gani wataliita siku ya kupokea. Sisi wengine tumeshachelewa. Nimeandika ili mmoja wenu asichelewe.

Nitukaneni, mnayo haki, nitasoma yote.

Ila nina ombi. Humu najua kuna mafundi wakubwa, wa Mombasa, wa Dar, wa Kampala. Kama yuko aliyewahi kufungua injini iliyonyweshwa dawa ile na ikawaka tena, hata kwa dakika moja, aniandikie hapa chini amefanyaje. Na kama hayupo, basi anayejua jinsi ya kumwambia dada yangu aandike yeye. Leo ni Ijumaa, keshokutwa ataniuliza tena.